Mtawa aliyefungiwa Kraków: yaliyothibitishwa, yaliyozushwa, na hasira ya mji

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1869 mtawa mmoja wa Kikatoliki mjini Kraków alikutwa amefungiwa katika chumba cha giza kwa miaka 21. Wengine wanasema huo ni uzushi wa maadui wa Kanisa, na wengine wanasema masista wenzake walimfungia kwa sababu alipenda mwanamume. Lipi ni kweli? Na kwa nini watu wa mji waliwashambulia hata Wajesuiti, ambao hawakuwa na mtawa wala chumba?

JIBU: Tukio lenyewe ni la kweli. Tarehe 21 Julai 1869 hakimu mpelelezi wa mahakama ya Kraków, mji ulioko Poland ya leo, akiwa amekwisha kupata ridhaa ya Askofu Antoni Gałecki, aliingia katika monasteri ya watawa wa Wakarmeli Peku iliyoko Wesoła, mtaa mmoja wa mji huo, baada ya mahakama kupokea barua isiyo na jina iliyodai kwamba humo ndani kuna mtawa aliyefungiwa kwa miaka mingi. Hakimu alimkuta. Aliitwa Barbara Ubryk, jina la ubatizo Anna, mzaliwa wa Węgrów mwaka 1817. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha lake limezibwa kwa matofali na kuachwa upenyo tu, ndani hakuna kitanda wala kiti bali majani makavu, naye alikuwa uchi, amekonda na mchafu kupita kiasi. Masista hawakukana muda aliokaa humo. Walikiri kwamba alikuwa amefungiwa tangu mwaka 1848.

Kwa hiyo anayesema kwamba kisa hiki kilitungwa na maadui wa Kanisa anakosea, tena anakosea jambo ambalo Kanisa lenyewe halikulikanusha wakati ule. Askofu aliridhia upekuzi. Mkuu wa monasteri, Maria Wężyk, na mtangulizi wake, Teresa Kozierkiewicz, walikamatwa na kuhojiwa. Mabishano yaliyofuata hayakuhusu kama mwanamke yule alikuwepo. Yalihusu kwa nini alikuwemo, na ni nani aliyepaswa kujua.

Hapo ndipo hadithi ya mapenzi inapoingia, na chanzo chake kinajulikana. Magazeti ya siku zile yaliripoti kwamba hakimu alipomuuliza mwanamke huyo sababu ya kufungwa, alijibu kuwa amevunja nadhiri ya usafi kamili, kisha akawanyooshea kidole masista waliokuwepo na kusema kwamba hata wao si malaika. Tuseme aliyatamka maneno hayo jinsi yalivyochapishwa. Bado ni maneno ya mtu aliyekaa gizani miaka 21, aliyekuwa na njaa, aliyeona kundi la wanaume kwa mara ya kwanza baada ya muda huo wote, na ambaye madaktari waliomchunguza baadaye walimthibitisha kuwa mgonjwa wa akili. Mwandishi wa gazeti aliweza kuyasoma kama ungamo, hakimu hakuweza. Lakini sentensi ile moja ilitosha. Baada ya muda mfupi vilianza kuuzwa vitabu na vijitabu, hasa kwa Kijerumani, vilivyotolewa kwa mafungu ya bei nafuu, ambamo Barbara alikuwa binti mrembo aliyetenganishwa na mpenzi wake, padre muungamishi alikuwa mwovu mwenye tamaa, na mama mkuu alikuwa na wivu. Kurasa nyingi za leo zinazosimulia mapenzi yake zimetoka katika vitabu hivyo na hazina mizizi katika jalada la mahakama, ingawa wanaozinakili mara nyingi hawalijui hilo.

Madaktari walikubali kwamba ugonjwa ulikuwa wa kweli na wa muda mrefu. Wakuu wa monasteri walijitetea kwamba mwaka 1848 daktari wa nyumba ndiye aliyeagiza atengwe, kwamba dirisha lilizibwa kwa sababu ya tabia zake za kujionyesha, na kwamba alikuwa akivunja vyombo na kurarua kila nguo aliyovishwa, hata ikaonekana afadhali asiwe na kitu. Sioni sababu ya kudhani kwamba walilitunga lote hilo. Maradhi ya akili yenye dalili kama hizo yalikuwepo, na hospitali za wakati ule nazo ziliwafunga wagonjwa kwa minyororo na mikanda. Ila utetezi huo unaeleza siku ya kwanza tu. Hauelezi mwaka wa pili, wala wa kumi, wala kwa nini chumba hakikufagiliwa.

Hili halieleweki bila kujua namna maisha ya Wakarmeli Peku yalivyopangwa. Hawa si masista wanaofundisha shuleni au kuuguza hospitalini. Ni watawa wa ndani, wanaoishi katika kile ambacho sheria ya Kanisa inakiita ugo: mtawa hatoki, na mtu wa nje haingii bila ruhusa maalumu. Papa Bonifasi VIII aliliamuru jambo hilo kwa watawa wote wa kike mwaka 1298, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukalitilia mkazo mwaka 1563, ukiweka adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa anayeingia pasipo idhini. Nia ya sheria hiyo ilikuwa kulinda sala na pia kuwalinda wanawake wenyewe, maana katika karne za kati ndugu wa ukoo, mabwana wenye ardhi na askari waliingia katika nyumba zao walivyotaka. Lakini ukuta huzuia pande zote mbili. Mtawa aliyeugua akili ndani ya ugo hakuwa na pa kupelekwa bila kuivunja sheria au kuomba kibali, na kuomba kibali kulimaanisha kuitangaza aibu ya nyumba mbele ya wakubwa.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa magazeti ya mwaka 1869 hawakulizingatia, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Teresa wa Avila, aliyeanzisha matengenezo ya Karmeli mwaka 1562, aliandika kitabu kuhusu nyumba alizozifungua, na sura yake ya saba inahusu namna ya kuwatendea watawa wenye kile alichokiita huzuni nyeusi, yaani maradhi ya akili kama yalivyoeleweka wakati wake. Ushauri wake si laini. Anamtaka mkuu wa nyumba amtiishe mgonjwa. Ikiwa maneno hayafai, atumie adhabu. Ikiwa adhabu ndogo haitoshi, itolewe kubwa. Ikiwa mwezi mmoja wa kufungwa hautoshi, iwe minne. Anaamini kwamba kwa kufanya hivyo mkuu humtendea mgonjwa mema, kwa kuwa humzuia asiipoteze nafsi yake na asiwaharibu wenzake. Katiba za kale za shirika nazo zilitambua kifungo kuwa adhabu ya makosa mazito kabisa. Maana yake ni kwamba mama mkuu wa Kraków mwaka 1848 hakubuni kitu kipya alipomfunga sista mgonjwa. Alikuwa na mwongozo wa mtakatifu mwanzilishi mkononi. Tofauti ni kwamba Teresa alihesabu kwa miezi, tena alikuwa akizungumzia kufungwa kwa lengo la kumrudisha mgonjwa katika jumuiya, ilhali Kraków hesabu ilikwenda kwa miaka bila mtu kuuliza lengo lilikuwa nini.

Miaka 21 ni muda wa kutosha wakuu wa nyumba kubadilishana madaraka. Anayepokea ofisi hukuta mlango umefungwa na huambiwa kwamba ndivyo ilivyo. Naye humkabidhi anayefuata. Daktari aliyeagiza hufa au huhama, lakini agizo lake hubaki. Wanovisi wapya, yaani wanaojiandaa kuwa watawa, huzizoea sauti za mgonjwa. Sidhani kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja katili aliyefurahia mateso ya Barbara, na kwa sababu hiyo hadithi za mama mkuu mwenye wivu hazinisumbui tu kwa uongo wake, bali pia kwa sababu zinaufanya ubaya uonekane mdogo kuliko ulivyokuwa. Padre muungamishi Julian Kozubski, ambaye alichunguzwa pia, alikuwa akifika katika monasteri ile kwa kazi yake. Wasimamizi wa kikanuni, yaani wakubwa wa Kanisa waliowekwa juu ya nyumba hiyo, walikuwa na haki na wajibu wa kuikagua. Ugo haukuwazuia hao. Swali la haki lilikuwa juu ya watu waliokuwa na ruhusa ya kuona, na hilo umati uliokuja usiku haukuuliza.

Sasa nije kwenye umati. Habari zilienea mjini kwa muda mfupi sana, na ndani ya siku chache watu walikusanyika mbele ya monasteri, wakapiga mawe, wakajaribu kuvunja lango, wakaelekea kwenye nyumba ya Wajesuiti ambayo ilikuwa katika mtaa huohuo wa Wesoła, na jeshi likalazimika kuitwa. Fujo ziliendelea siku kadhaa. Msomaji anauliza kwa nini Wajesuiti, ambao ni shirika la mapadre na mabruda, nami nasema kwamba katika karne ya 19 jina lao lilikuwa limekwisha kugeuka lugha ya kisiasa. Mtu aliyetaka kusema kwamba Kanisa lina nguvu nyingi mno katika shule, ndoa na mahakama alisema "Wajesuiti", hata pale ambapo hawakuhusika hata kidogo. Hawakuwa na uhusiano wowote na uongozi wa Wakarmeli. Walikuwa karibu, basi.

Tena mwaka na mwezi vina maana. Kraków wakati huo ilikuwa sehemu ya Dola ya Austria. Ilikuwa imepoteza hadhi ya mji huru mwaka 1846. Tangu 1855 Dola ilikuwa na mkataba na Papa uliolipa Kanisa mamlaka makubwa juu ya ndoa na elimu, na waliberali wa Vienna, yaani wanasiasa waliotaka kupunguza nguvu za Kanisa katika serikali, waliuona kuwa fedheha. Katiba ya Desemba 1867 ilitangaza haki za raia, zikiwemo uhuru wa mtu binafsi na uhuru wa kuchapisha maoni, kisha sheria za Mei 1868 zikaanza kuzirudisha ndoa na shule mikononi mwa serikali. Maaskofu walipinga. Franz Joseph Rudigier, askofu wa Linz, aliandika waraka wa kichungaji dhidi ya sheria hizo, akashtakiwa, na tarehe 12 Julai 1869 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia. Alihukumiwa kifungo cha siku 14 na Kaisari akamsamehe siku iliyofuata. Siku 9 baada ya hukumu hiyo, mlango wa Wesoła ukafunguliwa. Mwanasiasa wa kiliberali asingeweza kuomba mfano bora wa kuonyesha kwamba nyuma ya kuta za Kanisa kuna watu ambao katiba haiwafikii, na kusema kweli, katika jambo hili hakuwa anasema uongo.

Kwa Wapolandi wa Kraków kulikuwa na uchungu wa ziada. Tarehe 8 Julai mwaka uleule mji ulikuwa umemzika upya Mfalme Kazimierz Mkuu katika kanisa kuu la Wawel, baada ya kaburi lake kufunguka kwa bahati wakati wa ukarabati, na sherehe hiyo ilikuwa imegeuka kuwa tamko la taifa lisilo na dola yake. Kanisa na taifa vilikuwa vimetembea katika maandamano yaleyale. Wiki mbili baadaye, magazeti ya Ulaya nzima yalilitaja jina la Kraków kwa sababu ya chumba cha kinyesi na mwanamke uchi. Mzalendo aliyekuwa ameimba Wawel aliona amevuliwa nguo hadharani, na baadhi ya waliorusha mawe, naamini, walikuwa Wakatoliki waliokwenda misa kila Jumapili. Ni kosa kuifikiria hasira ile kuwa ya watu wasio na dini. Hasira ya mtu dhidi ya nyumba aliyoiheshimu huwa kali zaidi.

Kuna pia mzigo wa zamani zaidi. Kaisari Joseph II, kuanzia mwaka 1782, alikuwa amefunga mamia ya monasteri katika nchi zake, akianzia na zile ambazo watawa wake hawakufundisha wala hawakuuguza, Wakarmeli wa kike wakiwa miongoni mwao. Kraków haikuwa chini ya Austria mwaka huo, ndiyo maana nyumba ya Wesoła ilisalimika. Lakini wazo kwamba mtawa wa ndani hana faida kwa jamii lilibaki katika vichwa vya maofisa wa Vienna kwa vizazi, na mwaka 1869 lilirudi kama hoja: ikiwa hawafundishi wala hawauguzi, na hata mgonjwa wao wenyewe hawamtunzi, wapo kwa kazi gani?

Magazeti ya kihafidhina na ya Kikatoliki yalijibu kwamba mwanamke alikuwa kichaa, kana kwamba jibu hilo linamaliza neno. Magazeti ya kiliberali nayo yalishikilia kwamba alikuwa na akili timamu alipofungwa, kwa kuwa bila hilo mashtaka yangelegea. Pande zote mbili ziliifanya akili yake kuwa kiini cha kesi. Kwa upande wangu, ugonjwa wake unazidisha deni la waliomtunza, kwa sababu mtu asiyeweza kujisemea anahitaji wa kumsemea, na hapakuwa na mtu hata mmoja mpaka barua ile isiyo na jina.

Mahakama, hata hivyo, haikuulizwa swali la deni. Ilipaswa kuamua kama kulikuwa na kosa la jinai la kumfungia mtu kinyume cha sheria, na kosa hilo linahitaji nia. Kwa kuwa ugonjwa ulithibitishwa, na kwa kuwa kulikuwa na ushahidi wa agizo la daktari, mwaka haukwisha kabla ya uamuzi kwamba mashtaka yasiendelee. Wakuu wa monasteri waliachiwa. Wengi waliona kwamba serikali imeogopa mabwana wa Kanisa; sioni kwamba hilo linahitajika ili kuueleza uamuzi. Sheria ya jinai ya wakati ule ilikuwa na jina la kifungo haramu, lakini ilikuwa na maneno machache mno juu ya kumwacha mgonjwa aoze mahali ulipomweka. Barbara mwenyewe alihamishiwa wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali ya Roho Mtakatifu, na aliishi hadi mwaka 1898. Aliishi nje ya chumba kile miaka mingi kuliko aliyoishi ndani yake, jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki kwa nadra hulitaja.

Ili kuona jinsi hasira ya umma isivyokuwa kipimo cha ukweli, linganisha na Charlestown, karibu na Boston, Marekani. Huko masista Waursula walikuwa na shule ya wasichana, wengi wao wakitoka katika familia za Kiprotestanti. Mwishoni mwa Julai 1834 sista mmoja, Elizabeth Harrison, alitoka katika nyumba yao akiwa amechanganyikiwa kwa uchovu, kisha akarudi kwa hiari yake. Uvumi ukasema amefungiwa katika shimo chini ya jengo. Viongozi wa mji walikwenda kukagua tarehe 11 Agosti, wakazunguka jengo lote, wakazungumza naye na kuridhika. Usiku uleule, kabla taarifa yao haijachapishwa, umati uliichoma nyumba hadi ikateketea. Wahenga husema lisemwalo lipo. Charlestown halikuwepo. Mshtakiwa mkuu, John Buzzell, aliachiwa huru, na bunge la jimbo halikukubali kuwalipa fidia. Mwaka 1836 Maria Monk, mwanamke aliyedai kuwa alikuwa mtawa, akatoa kitabu chake cha kashfa juu ya nyumba ya masista huko Montreal, na mwandishi wa habari wa Kiprotestanti, William L. Stone, alikwenda kuikagua nyumba hiyo akatangaza kwamba masimulizi yale ni ya uongo; kitabu kiliendelea kuuzwa vilevile. Msomaji wa mwaka 1869 alikuwa amelishwa hadithi kama hizo kwa zaidi ya miaka 30, na alipopata kisa cha kweli alikisoma kwa miwani ileile.

Uingereza nayo ilikuwa na kesi yake mwaka huohuo wa 1869. Susan Saurin, aliyekuwa Sista wa Huruma katika mji wa Hull, alimshtaki mkuu wake, Mary Starr, kwa kula njama ya kumfukuza na kumchafulia jina. Kesi ilichukua wiki kadhaa za Februari, na umma ulioujaza ukumbi ukitarajia mashimo na minyororo uliishia kusikia habari za vipande vya nyama, vitambaa vya kufagilia na barua zilizosomwa bila ruhusa. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Saurin fidia ya pauni 500. Naitaja kwa sababu imefanana na Kraków kuliko inavyoonekana: nyuma ya mambo madogo kulikuwa na mtu mmoja ambaye jumuiya imekwisha kuamua kwamba ni mzigo, na kiongozi ambaye hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza liliunda kamati juu ya nyumba za watawa, kwa msukumo wa mbunge Charles Newdegate aliyedai kwa miaka mingi kwamba serikali izikague. Kazi ya kamati ikaishia kwenye sheria za mali na mirathi, na ukaguzi wenyewe haukuja.

Austria nayo haikuzifunga monasteri. Mkataba na Papa ulivunjwa Julai 1870, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa nyingine: Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, uliofunguliwa Desemba 1869, ulikuwa umetangaza kwamba Papa hakosei anapofundisha rasmi mambo ya imani na maadili, na serikali ikasema kwamba mshirika wake katika mkataba si yule tena. Barbara Ubryk hakutajwa katika uamuzi huo. Wakarmeli waliendelea kuishi Wesoła ndani ya ugo wao.